Svetlana: Jina Lililokaa Nje ya Kalenda ya Watakatifu



Kwa Wakatoliki wa huku kwetu neno "somo" lina maana mbili. Ukimwuliza mtu somo wake ni nani, huulizi habari za darasani. Unataka kujua ni mtakatifu gani aliyepewa jina lake siku ya ubatizo, na ni tarehe gani umpe mkono wa heri. Hapa seminarini sikukuu ya somo huadhimishwa kuliko siku ya kuzaliwa: mwenzetu hutajwa katika maombi ya Misa ya asubuhi, na jioni meza yake hupata soda. Lakini wako watu wasio na somo. Si kwamba hawakubatizwa, ila jina waliloitwa na mama zao halimo katika kalenda. Leo tunataka kuzungumza juu ya watu hao kwa kupitia jina moja la kike kutoka Urusi, jina la Svetlana.

Majina ya Kirusi si mageni masikioni mwetu. Wapo mabinti wanaoitwa Natasha, Tatiana na Olga, na wengi tunawaita hivyo bila kujiuliza majina hayo yametoka wapi. Natasha ni namna ya Warusi ya kumbembeleza mtu aitwaye Natalia, na Natalia linatokana na Kilatini, likihusu siku ya kuzaliwa kwa Bwana. Tatiana ni shahidi wa Roma. Olga ni malkia wa Kiev aliyepokea ubatizo katika karne ya 10, bibi yake Mtakatifu Vladimir. Hao wote wana somo. Svetlana peke yake, pamoja na uzuri wa maana yake, alikaa nje ya kalenda kwa muda mrefu. Kisa chake kimetufundisha jambo ambalo sisi tunaojiandaa kusimama kwenye kisima cha ubatizo hatuna budi kulitafakari.

Jina lililotungwa na washairi

Katika Kirusi, svet ni nuru, na svetly ni kitu chenye nuru, kilicho ang'avu. Neno hilohilo svet lina maana nyingine pia: ulimwengu. Sisi tunaosema Kiswahili hatuwezi kushangaa neno la nuru kubeba maana mbili, maana kwetu "mwanga" ni ule unaotufukuzia giza, na "mwanga" vilevile ni yule anayetembea usiku uchi kuwaroga wenzake. Bahati ya Warusi ni kwamba maana zao mbili hazigombani. Tena, katika Kanisa lao, juma lote linalofuata Jumapili ya Pasaka huitwa kwa neno la shina hilo, Juma la Nuru, au Juma Ang'avu.

Kwa hiyo mtu angedhani kwamba Svetlana ni jina la kale, lenye watakatifu wake tangu Warusi walipobatizwa mwaka 988. Sivyo. Jina hili lilizaliwa kwenye karatasi. Mwaka 1802 Aleksandr Vostokov, mshairi ambaye pia alikuwa mtaalamu wa lugha za Kislavoni, alitoa utenzi wa mapenzi wenye wahusika Svetlana na Mstislav. Alilitengeneza jina hilo lisikike kana kwamba ni la wahenga. Baadaye Vasily Zhukovsky alilichukua na kulipa shairi lake mashuhuri, ambalo aliliandika kati ya mwaka 1808 na 1812 na kulichapisha mwaka 1813.

Shairi hilo la Zhukovsky lina asili ya Kijerumani. Gottfried August Bürger alikuwa ameandika mwaka 1773 juu ya msichana Lenore, ambaye mchumba wake hakurudi kutoka vitani. Lenore anamlaumu Mungu kwa uchungu, na usiku mchumba anamjia akiwa maiti na kumchukua kwa farasi hadi makaburini. Zhukovsky aliubadilisha mwisho. Svetlana wake naye anamngojea mchumba, naye ana huzuni, lakini hamkufuru Mungu. Ni mkesha wa sikukuu. Wasichana wanapiga ramli wapate kujua watakaowaoa. Svetlana anakaa mbele ya kioo na mshumaa, analala, na katika ndoto anachukuliwa hadi kibanda kilicho na jeneza. Maiti anapoinuka, njiwa mweupe anamkinga msichana kwa mabawa yake. Kisha anaamka. Kumekucha, na mchumba wake anaingia uani akiwa mzima. Mshairi anamalizia kwa kuwashauri wasomaji wautumainie uangalizi wa Mungu.

Mkesha huo ni mkesha wa sikukuu ya tarehe 6 Januari. Sisi wa mapokeo ya Kilatini tunaiita Tokeo la Bwana na tunawafikiria Mamajusi. Wakristo wa Mashariki siku hiyo huadhimisha Bwana kubatizwa katika mto Yordani, na Warusi huiita kwa ufupi tu, Ubatizo. Basi jina ambalo halikukubaliwa kwenye kisima cha ubatizo lilipata umaarufu katika shairi linalotokea usiku wa kuamkia sikukuu ya Ubatizo. Hata njiwa yumo.

Aleksandra aliyeitwa Svetlana

Shairi lilipendwa mno. Watu walitamani kuwaita binti zao Svetlana, lakini haikuwezekana. Katika Urusi ya wakati ule, kwa waamini wa Kiorthodoksi, kumbukumbu za kuzaliwa ziliandikwa na padre katika kitabu cha parokia, na kitabu hicho ndicho serikali ilichokitambua. Padre alichagua au kukubali jina kutoka kalenda ya watakatifu. Jina la shairi halikuwamo, basi mlango ukafungwa hapo.

Zhukovsky mwenyewe alimtunukia shairi hilo Aleksandra Protasova, mpwa wake ambaye pia alimsimamia katika ubatizo, liwe zawadi ya arusi yake. Marafiki wakaanza kumwita Svetlana, na jina likamshika. Lakini kanisani alibaki Aleksandra. Ndivyo jina lilivyoishi kwa miaka mingi, kama jina la utani kwa watu na hata kama jina la meli ya kivita, huku hakuna mtoto aliyeandikwa hivyo kitabuni.

Hapa tunaomba tusiwe wepesi wa kuwahukumu mapadre wale. Kanisa lilikuwa na sababu. Kumpa mtoto jina la mtakatifu ni kumkabidhi kwa mwombezi, na kumwonyesha njia ambayo mwingine ameshaipita. Hata Sheria za Kanisa letu la mwaka 1917, katika kanuni ya 761, ziliwaagiza maparoko wahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakishikilia jina lao, paroko aliongeze la mtakatifu fulani na kuyaandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Ni busara ya mchungaji: hamfukuzi mzazi, wala haliachi jina bila mwenzi.

Uhuru wenye machungu

Mlango ulifunguliwa, lakini si na Kanisa. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1917, serikali mpya ilitoa amri mwezi Desemba kwamba kuandikisha watoto ni kazi ya ofisi za serikali. Mwezi uliofuata Kanisa likatengwa na dola. Sasa wazazi waliweza kuwapa watoto jina lolote. Wengine waliwaita binti zao Oktyabrina, kwa heshima ya Mapinduzi ya Oktoba, au Ninel, ambalo ni jina la Lenin likisomwa kinyumenyume. Katika miaka ya 1920 ziliandaliwa hata sherehe za kiserikali za kuwapa watoto majina, ili zishike nafasi ya ubatizo.

Ni katika wakati huo Svetlana alipoingia majumbani. Jina lilikuwa zuri, halikuwa na msalaba, wala halikusikika kama bango la chama. Kuanzia miaka ya 1930 na kwa miongo kadhaa lilikuwa mojawapo ya majina ya kike yaliyopendwa sana katika Umoja wa Kisovieti. Majumbani waliitwa Sveta, au Svetochka kwa kubembelezwa. Walipokua na kuheshimiwa, waliitwa kwa jina pamoja na la baba, Svetlana Ivanovna au Svetlana Petrovna, kama sisi tunavyoona haya kumtaja mtu mzima kwa jina tupu. Svetlana Savitskaya, rubani, alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea angani, mwezi Julai 1984. Svetlana Alexievich wa Belarus, aliyetumia maisha yake kuandika sauti za watu walioumizwa na vita na ajali ya Chernobyl, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2015.

Lakini Svetlana aliyetugusa zaidi ni binti wa mtu aliyewahi kuwa mseminari. Baba yake aliingia seminari ya Kiorthodoksi ya Tiflis, katika Georgia, mwaka 1894, na kuiacha mwaka 1899 bila kumaliza. Dunia ilikuja kumfahamu kwa jina la Stalin. Katika utawala wake makanisa yalifungwa kwa maelfu na mapadre wengi wakauawa. Mwaka 1926 alizaliwa binti yake, naye akaitwa Svetlana. Mama wa mtoto aliitwa Nadezhda, maana yake Tumaini. Alikufa mwaka 1932, binti akiwa na miaka sita.

Msichana huyo alikua katika nyumba ambamo Mungu hakutajwa kwa sala. Baba alipokwisha kufa, aliliacha jina la Stalin na kuchukua la ukoo wa mama yake, Alliluyeva, ambalo shina lake ni "Aleluya". Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mjini Moscow, aliomba ubatizo katika Kanisa la Kiorthodoksi, jambo lililokuwa la hatari kwa mtu yeyote na zaidi kwake. Mwaka 1967 alikimbilia nchi za Magharibi. Alipoolewa Marekani alijulikana kama Lana Peters, akakata jina lake lakini asilitupe lote. Mwezi Desemba 1982, akiishi Uingereza, alipokelewa katika Kanisa Katoliki siku ya sikukuu ya Mtakatifu Lusia. Na Lusia, kama tujuavyo kutoka darasa la Kilatini, ni jina linalotokana na lux, yaani nuru. Alifariki Marekani mwaka 2011, baada ya maisha yenye misukosuko mingi. Hatusemi alikuwa mtakatifu. Tunasema tu kwamba nuru aliyoitiwa na wazazi wasiosali haikuacha kumwita.

Mwanamke asiye na jina

Mwaka 1988 Warusi waliadhimisha miaka 1,000 tangu ubatizo wa nchi yao, na baada ya hapo makanisa yalijaa watu wazima walioomba kubatizwa. Wengi wao waliitwa Svetlana. Mapadre walikabiliwa na swali lilelile la zamani, ila safari hii mwenye jina alikuwa amesimama mbele yao akijieleza mwenyewe. Walifanya nini?

Walimwita mwanamke Msamaria. Katika sura ya nne ya Injili ya Yohane, Bwana Yesu anamkuta kisimani saa ya jua kali. Mwinjili anatueleza mengi juu yake: mtungi wake, waume wake watano, ubishi wake, na jinsi alivyouacha mtungi na kukimbilia mjini kuwaambia watu. Jambo moja hatuambiwi: jina lake. Wakristo wa Mashariki hawakuvumilia pengo hilo. Walimwita Photini, jina la Kigiriki lenye maana ya mwenye nuru. Mapokeo yao yanasimulia kwamba alihubiri pamoja na watoto wake na dada zake, na kwamba walikufa mashahidi wakati wa Kaisari Nero. Warusi wanamwita Fotinia.

Basi Svetlana akapewa Fotinia awe somo wake. Maana ni ileile, lugha tu ndiyo tofauti. Siku ya ukumbusho wa shahidi huyo, tarehe 20 Machi kwa kalenda ya zamani, ambayo ni tarehe 2 Aprili kwa yetu, akina Svetlana hupongezwa. Na kwa kuwa katika ibada ya Mashariki padre humtaja kila mmoja kwa jina la ubatizo anapomkomunisha, mwanamke aitwaye Sveta sokoni husikia "Fotinia" mbele ya kikombe kitakatifu.

Ukiwaza vizuri utaona ufundi wa kichungaji uliomo. Jina lisilo na mtakatifu limepewa hifadhi na mtakatifu asiye na jina. Wala hilo si mbali na liturujia yetu. Katika Mwaka A, Jumapili ya tatu ya Kwaresima, tunasoma Injili hiyohiyo, na wakatekumeni wanaojiandaa kwa Pasaka hufanyiwa takaso la kwanza. Mababa wa Kanisa waliuita ubatizo wenyewe "mwangazo", na ndiyo sababu mpaka leo baba au msimamizi huwasha mshumaa wa mtoto kutoka mshumaa wa Pasaka. Kila aliyebatizwa ni Svetlana kwa namna fulani, ajue asijue Kirusi.

Na sisi je?

Wakati wa uchungaji wa likizo, baadhi yetu tulikuwa tukimsaidia katekista wa kigango kuandika majina ya watoto wa ubatizo. Alifika mama mmoja kijana na mtoto mgongoni. Alipoulizwa jina alisema, "Nuru." Mzee mmoja aliyekuwa pale akamwambia hilo ni jina la Kiislamu, atafute la Kikristo. Yule mama hakubishana. Alitazama chini, akataja jina la kwanza lililomjia, jina la jirani yake: Lusia. Likaandikwa. Tulipomweleza kwamba Lusia maana yake ni nuru, alicheka kwa furaha kiasi kwamba mtoto aliamka. Kisha akauliza swali ambalo hatujaacha kulijadili hadi leo: "Sasa kama ni lilelile, kwa nini langu lilikataliwa?"

Ni swali la haki. Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 haidai tena jina la mtakatifu. Inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu lisitolewe jina lililo kinyume na hisia ya Kikristo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2156, inafundisha kwamba jina la ubatizo laweza kuwa la mtakatifu, na laweza pia kutaja fumbo au fadhila ya Kikristo. Kwa kipimo hicho, Nuru ni jina safi kabisa. Neema, Imani, Tumaini na Upendo vilevile.

Yapo magumu zaidi. Katika vijiji vyetu wapo watoto waitwao Shida, Tabu na Mateso. Je, hayo ni kinyume na hisia ya Kikristo? Wengine wetu husema ndiyo, kwa kuwa mtoto hapaswi kubebeshwa msiba wa wazazi maisha yake yote. Wengine hujibu kwamba mama aliyezaa wakati wa njaa ana haki ya kuueleza ukweli wake mbele ya Mungu, kama Raheli alivyofanya alipomwita mwanawe wa mwisho "mwana wa uchungu wangu". Katika Biblia, Yakobo alimpa mtoto huyo jina lingine, Benyamini; lakini kilio cha mama hakikufutwa kitabuni. Tumekubaliana jambo moja: kabla ya kusema "badilisha", muulize mzazi kisa cha jina. Kila jina lina kisa, na mara nyingi kisa hicho ndiyo katekesi ya kwanza.

Tusisahau pia kwamba kalenda yenyewe ilijengwa na watu wenye majina ya kigeni. Apolonia ana jina la mungu wa Wagiriki, Apolo. Dionisi ana la mungu wa mvinyo. Martini ana la Mars, mungu wa vita wa Warumi. Wakristo wa kwanza hawakuona haja ya kuyakimbia. Vivyo hivyo Kizito, Lwanga na Mukasa yalikuwa majina ya Waganda tu, mpaka wenye majina hayo walipoimwaga damu yao, na mwaka 1964 Kanisa zima likawatangaza watakatifu. Leo wazazi wanachagua Kizito kama wanavyochagua Petro. Na Bakhita? Jina hilo alipewa na waliomteka utumwani. Lake la kuzaliwa alilisahau kwa hofu. Aliubeba utani huo mchungu, "mwenye bahati", mpaka ukawa kweli, na mwaka 2000 ukasomwa katika uwanja wa Mtakatifu Petro.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Tunaongeza kwamba jina haling'ari lenyewe. Nuru anaweza kuishi gizani, na Shida anaweza kuwa faraja ya kijiji kizima. Kazi ya padre kwenye kisima si kulinda orodha. Ni kumwunganisha mtoto na Yule ambaye nabii Isaya anasema ametuita kwa majina yetu, na kumtafutia, kama jina lake halina somo, shahidi wa kutembea naye.

Ibada ya ubatizo wa watoto huanzia mlangoni mwa kanisa, na swali la kwanza analotoa mhudumu kwa wazazi linahusu jina waliompa mtoto wao. Mungu akitujalia kufika huko, tunaomba tuwe na masikio ya kulisikia jibu mpaka mwisho.